Jinsi Gari Langu Lilivyoharibu Utafiti wa Binti Yangu

Kibirizi nzima hakuna mtu aliyehojiwa kunishinda mimi. Sijisifu, ingawa sioni ubaya wa kujisifu kama jambo lenyewe ni la kweli. Tangu nilipojenga stoo yangu ya dagaa pale juu ya mwalo, mitumbwi inaposhushia samaki, kila mtafiti anayefika Kigoma na barua yake yenye mihuri miwili huletwa kwangu. Mwenyekiti wa mtaa akiulizwa nani anaweza kueleza mambo, yeye hasumbuki, anaelekeza kidole kwenye paa langu la bluu. Nimeulizwa kuhusu samaki kupungua ziwani, kuhusu taa za sola, kuhusu vyoo, kuhusu kunawa mikono. Msomi mmoja aliniuliza nakula milo mingapi kwa siku, na wakati huo tumbo langu liko mbele yake limekaa kama mgeni wa tatu. Nikamwambia miwili. Akaandika miwili.

Shule niliishia darasa la tano, lakini wasomi nawajua kama ninavyojua dagaa, kwa kuwatazama tu. Wapo wanaouliza huku wameshaandika jibu. Wapo wanaoogopa kukalia kiti chako. Na wote wana haraka, gari linawasubiri. Nikagundua kwamba ukimjibu mtu wa namna hiyo kwa kifupi na kwa heshima, anafurahi, anakuachia soda, anakwenda zake. Kwa hiyo nikawa bingwa wa majibu mafupi.

Sasa Mungu naye ana utani wake. Akanipa mtafiti ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Binti yangu wa pili ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kusomea shahada ya pili. Alipopata ile ya kwanza nilichinja ng'ombe mmoja pale mtaani kwetu Kasingirima, watu wakala mpaka wakalaumiana. Kwa hii ya pili nilitangaza nitachinja wawili, na nilitangaza mapema, mbele ya msikiti na mbele ya kanisa, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Akaja nyumbani likizo na karatasi zake. Utafiti wake ulihusu wanawake wanaoanika dagaa: walianzaje, nani aliwaanzishia, kazi inakwendaje. Baadaye ahoji na matajiri wachache, wenye stoo, kwa maswali hayo hayo.

"Unahitaji wanawake wangapi?" nikamuuliza.

"Thelathini, Baba."

"Thelathini tu? Mimi nitakupa hamsini."

"Thelathini wanatosha, Baba. Na nilitaka niende mwenyewe, taratibu."

Taratibu! Binti wa mtu mwenye pikapu ya milango minne, yenye kiyoyozi, atembee juani na madaftari kwapani kama muuza karanga? Nikamwambia kesho saa mbili awe tayari.

Tulifanya kazi siku nne. Nilimpeleka Kibirizi, nikampeleka Ujiji, siku ya nne nikamteremsha mpaka Ilagala. Nilikuwa nasimamisha gari mlangoni kabisa, tairi linakaribia kukanyaga kizingiti, namwita mwenye nyumba kwa sauti, "Mama, nimekuletea msomi wangu, mjibu vizuri!" Kisha nabaki garini, mashine inaunguruma ili ubaridi usipotee. Zikipita dakika ishirini napiga honi. Binti anatoka, anapanda, tunaondoka na vumbi letu. Wanawake thelathini kwa siku nne. Nilihesabu ni rekodi. Nikawaambia watu kwamba chuo kizima hakijawahi kuona kasi ya namna ile.

Akapiga chapa mahojiano yote, akayatuma kwa mwalimu wake anayemsimamia. Baada ya wiki moja nikamkuta amekaa jikoni kwenye kigoda, simu mkononi, uso umevimba.

"Nani amekufa?"

"Amerudisha, Baba."

"Nani?"

"Msimamizi wangu. Anasema hapa hakuna kitu. Nisipopeleka mahojiano mengine kabla ya mwisho wa mwezi, siwezi kuwasilisha mwaka huu. Mpaka mwakani."

Nikaona ng'ombe wangu wawili wanarudi zizini. Nikamwomba simu. Akakataa. Nikaichukua.

"Daktari, shikamoo," nikasema, maana sikujua umri wake na heshima haina hasara. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Marahaba, mzee wangu."

"Mimi ndiye baba mwenye mtoto. Tumekuletea watu thelathini. Wana kasoro gani?"

"Hawana kasoro, mzee. Ila majibu yao ni mepesi mno."

"Dagaa mzuri ndiye mwepesi, daktari. Akiwa mzito ujue hajakauka."

Akacheka. Akacheka vizuri tu, lakini uamuzi wake hakuubadilisha. "Mwambie binti akae na watu," akasema. "Akae nao."

Nilipokata simu nilikuwa na hasira ya kumla mtu. Nikamwambia binti alete hayo makaratasi, anisomee mwenyewe nisikie huo wepesi. Akaanza. Mama wa kwanza, kazi inakwendaje? Nzuri, tunamshukuru Mungu. Nani alikuanzishia? Nilianza mwenyewe. Matatizo? Ya kawaida tu. Mama wa pili, kazi inakwendaje? Nzuri, hatujambo. Nani alikuanzishia? Mwenyewe. Wa tatu nzuri. Wa nne nzuri. Tulipofika wa kumi na moja nikaanza kucheka, na kicheko changu hakijui kujificha.

"Baba, unacheka nini? Maisha yangu haya."

"Mwana wanje, hawa hawajakuambia kitu. Hapa umesalimiwa tu, mara thelathini."

"Najua!"

"Sasa walipokusindikiza walisemaje?"

Akanitazama. "Nani alinisindikiza?"

"Wao. Ulipotoka."

"Baba," akasema polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu, "nilikuwa natoka napanda gari lako. Wangenisindikiza wapi? Kiti cha nyuma?"

Kicheko changu kikakatika. Watu wanaonijua watashangaa kusoma hivyo, lakini kilikatika.

Maana kwetu mgeni haachwi mlangoni. Akiinuka kuaga, mwenyeji naye anainuka, anatafuta kandambili zake, anasema ngoja nikusogeze. Ndani ya nyumba mlikuwa mnaulizana hali, na ndani ya nyumba hali zote ni nzuri, hata mwenye homa ni mzima. Mkishatoka, mkiwa bega kwa bega mnatazama njia na hamtazamani usoni, hapo ndipo mtu anasema "ila." Nzuri, ila mume wangu. Nzuri, ila yule tajiri. Mnafika njia panda, mnasimama, mnaagana, mnasogea tena hatua tano, mnasimama tena. Mimi mwenyewe biashara zangu kubwa zote nimezifungia njiani, nikimsindikiza mtu. Wake wa kuoa nilitajiwa njiani. Misiba nimepewa njiani. Na mwanangu nilikuwa namnyakua mlangoni kwa honi, hajavaa hata viatu vizuri, kabla mtu hajafika kwenye "ila."

Yaani thelathini wote niliwaziba midomo mimi, kwa kiyoyozi.

"Mbalamwezi inaanza lini?" nikauliza.

Alijua kwa nini nauliza, ni mtoto wa mwalo. Dagaa wetu wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, na wanawake wa kuanika wanapata siku kama kumi za kukaa. Mwezi ukififia wanarudi vichanjani kuanika tangu alfajiri, na hapo hata waume zao hawawapi dakika.

"Inaanza Jumatano," akasema.

"Basi kuanzia Jumatano utakwenda kwa miguu. Gari hili nalifungia. Na ukishamaliza maswali yako, zima simu yako ya kurekodi, funga daftari, aga. Uage kwa muda mrefu."

"Na nikizima, nitaandikaje wanayosema?"

"Huna kichwa? Chuo chote hicho?"

"Si hivyo, Baba. Mtu akisema kitu baada ya kuzima, siruhusiwi kukitumia mpaka nimwombe. Ndiyo sheria ya utafiti."

"Basi waombe. Njia ni ndefu."

Ndivyo alivyofanya. Alikuwa anaondoka asubuhi na kurudi jua likielekea upande wa Kongo, viatu vimejaa vumbi, ananuka dagaa, uso unang'aa. Ilagala alikwenda kwa basi akalala kwa mama mmoja aliyemhoji. Mimi nilikaa nyumbani siku mbili nikitazama gari limesimama. Siku ya tatu nikashindwa, nikashuka Kibirizi kwa bodaboda, nikisema nakwenda kukagua stoo yangu.

Pale mwaloni mbalamwezi inajulikana kwa kelele. Kunakuwa na nyundo za mafundi mitumbwi na redio, na wanaume wamekaa kwenye nyavu wanaziba matundu. Mama mmoja anayeanika karibu na stoo yangu, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kupara samaki, akaniona nateremka kwenye bodaboda.

"Tajiri! Gari limelala au limekufa?"

"Limepumzika."

"Na wewe umepumzika? Siku zile ulikuwa unapiga honi hapa kama unatangaza mnada."

"Mlimjibu vizuri mwanangu?"

"Tulimjibu alivyoulizwa. Mtu anakuja na dereva wa hasira, utamwambia nini? Nzuri!" Wenzake wakapasuka kwa kicheko, wakawa wanasalimiana wao kwa wao, nzuri, nzuri, huku wanapiga honi kwa midomo.

Baadaye kidogo, nikiwa ndani ya stoo, niliwaona dirishani. Yule mama alikuwa anamsindikiza binti yangu. Kutoka kichanjani kwake mpaka barabara kuu ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mwenye mguu mbovu. Walitumia saa nzima. Walitembea, wakasimama, mama akapiga makofi, akavuta khanga akaifunga upya, wakatembea. Binti alikuwa hasemi, anaitikia tu kwa kichwa. Halafu yule mama akasimama kabisa, akageuka, akaelekeza mdomo wake kwenye stoo yangu. Mdomo wote, umechongoka, moja kwa moja kwenye paa la bluu. Akasema kitu kirefu.

Nilitaka kutoka. Nikajizuia, nikahesabu magunia yaliyokwisha kuhesabiwa.

Jioni nikamngoja sebuleni.

"Yule mama alikuambia nini?"

"Mengi."

"Kuhusu mimi?"

"Baba, nimewaahidi. Ni siri ya utafiti."

"Siri? Nyumba hii nani kaijenga? Chakula unachokula hapa cha nani?"

"Cha kwako, Baba. Lakini siri ni ya yule mama."

Nimewahi kubishana na maofisa wa leseni, na askari wa ziwani, na madalali kutoka Dar es Salaam wanaovaa miwani ndani ya nyumba. Wote niliwashinda. Huyu alinishinda akiwa anachambua mchele.

Zilibaki siku chache aondoke, akasema amebakisha mhojiwa mmoja, tajiri mwenye stoo. Nikajua ni mimi. Nikavaa koti. Tukakaa sebuleni, nikasaini karatasi ya kukubali, akaweka simu yake mezani kati yetu, taa yake nyekundu inawaka.

"Ulianzaje kazi hii?"

Hilo nalijua hata usingizini. Nikamwambia habari ya ndoo. Kila mtu Kigoma anaijua habari ya ndoo: kwamba nilikuwa na ndoo moja ya dagaa, nikaibeba kichwani kutoka Kibirizi mpaka sokoni, nikaiuza, nikanunua mbili, mbili zikawa nne, mpaka nikapanda treni na magunia. Nimeihadithia harusini. Nimeihadithia kwa watafiti kadhaa, na mmoja aliipiga picha ndoo nyingine kabisa niliyomwonyesha.

"Na nani alikusaidia kuanza?"

"Mungu, na mikono hii."

Hakuandika. "Asante, Baba," akasema. Akazima simu, akafunga daftari. Mimi nilibaki na koti langu.

Asubuhi ya safari nikamwambia gari bovu. Halikuwa bovu. Nikalivuta begi lake lenye magurudumu, magurudumu yakawa yanakwama kwenye kila jiwe la Kasingirima, tukaenda kwa miguu kuelekea stendi. Majirani walifurahi sana.

"Mzee, umeuza gari?"

"Mzee, leo umekuwa mpagazi?"

Nikawajibu inavyostahili, siwezi kuandika hapa. Tulipopita nyumba ya mwisho inayotujua, nikajikuta nasema bila kuulizwa.

"Ile ndoo."

"Ndiyo, Baba."

"Ilikuwa ndoo ya shangazi yako."

Hakugeuka kunitazama. Alijua kazi yake sasa.

"Ndoo yenyewe, na dagaa waliokuwamo. Alikuwa anaanika kwenye mchanga, enzi zile vichanja hakuna, akishinda amepinda mgongo anafukuza kunguru. Mimi nilikuwa nimeacha shule, nazurura. Watu wanapenda kusema niliacha kwa umaskini. Niliacha kwa sababu sikuipenda. Na lile treni, sikupanda na dagaa waliotokana na ndoo. Alinipa magunia matatu. Alikuwa ameyaweka ya kwake, alitaka aanze safari mwenyewe, afike Dar es Salaam aone. Akanipa mimi kwa sababu mimi mwanaume, nitasukumana vizuri kwenye behewa. Nilipopata nikarudi nikanunua mtumbwi. Nikauandika jina langu."

"Na shangazi?"

"Yuko Kibirizi anaanika. Unamjua. Umemhoji."

"Aliniambia Mungu alimsaidia," binti akasema.

"Kwenye nyumba au njiani?"

Akatabasamu tu. Huyo mtoto ana roho ngumu. Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta, stendi inaonekana, wapiga debe wameshaanza kutukimbilia.

"Baba, haya naruhusiwa kuyaandika?"

"Lazima?"

"Si lazima. Ukisema hapana yanabaki hapa. Jina lako halitakuwepo vyovyote."

Nikafikiria. Nilifikiria ule mdomo wa yule mama ulivyochongoka. Inawezekana kabisa kwamba wanawake thelathini walikuwa wameshamwambia, kila mmoja na magunia yake, na mwanangu amebeba yote kimya akisubiri mwenye nayo aseme.

"Andika," nikasema. "Lakini andika pia kwamba aliyegundua habari ya kusindikiza ni mimi, si yule mama wa chuo."

"Hiyo nimeshaandika. Iko sura ya tatu, ya mbinu za utafiti."

"Umeniandikaje?"

"Mkazi mmoja wa Kigoma."

"Mkazi mmoja!"

Basi likapiga honi, na kwa mara ya kwanza maishani nikachukia honi.

Alipasi. Msimamizi wake aliandika kwamba mahojiano ya njiani ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, na ng'ombe wawili wakaliwa Kasingirima mbele ya mashahidi. Kitabu kikaja kimejaladiwa vizuri, cheusi, maandishi ya dhahabu. Ni cha Kiingereza, lakini maneno ya wahojiwa ameyaacha kwa Kiswahili kama walivyoyasema, na tafsiri chini yake. Kwa hiyo katika kitabu chote kile cha kisomi, ninachoweza kusoma ni sisi tu. Mimi ni Mhojiwa wa thelathini na nne, mwanaume, mfanyabiashara. Nimewaonyesha watu ukurasa huo mpaka umeanza kuchafuka pembeni. Binti anasema naharibu siri. Nimemwambia siri ni yangu.

Dada yangu nilimwita nyumbani, nikampa shikamoo yake, nikamkalisha kwenye kochi kubwa, nikamsomea. Nilisoma polepole, maana herufi za chuo ni ndogo: ndoo ilikuwa yake, dagaa wake, magunia matatu yake. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, ile mikono ambayo magamba hayaitoki tena. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Nzuri," akasema. "Umesoma vizuri, mdogo wangu."

Akanywa chai yake. Akainuka kuaga. Funguo za gari zilikuwa mezani, nikaziacha, nikatafuta kandambili zangu. Tukatoka. Tukapita kwa jirani wa kwanza, tukasalimiana. Tukapita wa pili. Pale njia inapoanza kuteremka na ziwa linatokea lote kwa mara moja, dada yangu akapunguza mwendo.

"Nzuri," akasema tena. "Ila yalikuwa manne."

"Matatu, dada."

"Manne. La nne uliniambia limepotea kwenye behewa."

Nikatazama ziwa. Yeye naye alikuwa analitazama.

"Halikupotea," nikasema.

"Najua. Mwambie mtoto arekebishe."

Tukaendelea kutembea. Nilipanga nimwache pale njia panda, lakini nilimsindikiza mpaka Kibirizi.